William Marshal: mtoto wa nne asiye na shamba, na jinsi alivyofika kushika ufalme wa Uingereza

Swali la msomaji, mwalimu wa historia wa kidato cha tano: "Wanafunzi wangu wameniuliza mambo matatu kuhusu William Marshal ambayo kitabu chetu hakijibu. Kama alikuwa mtoto wa nne na hakurithi kitu, alikula nini? Ni kweli kwamba askari farasi wa zama zile walivaa chuma kizito hata wakalazimika kupandishwa farasi kwa kamba? Na mzee wa miaka 70 aliongozaje vita?"

Mwalimu, nianze na la chakula, kwa sababu hilo ndilo linalobeba mengine. Wengi wakimtaja William Marshal huanza na upanga. Mimi ningewaambia wanafunzi waanze na farasi. Maisha ya mtu huyu, tangu anapata chake cha kwanza hadi anakabidhiwa nchi, yanafuatika vizuri ukiuliza kila mara: farasi huyu katoka wapi, na ni nani anayemlisha?

Alizaliwa mnamo 1147. Baba yake, John, alishika cheo cha kurithi cha marshal katika nyumba ya mfalme, yaani msimamizi wa mazizi ya farasi na wa nidhamu ya kasri, na jina la cheo ndilo lililogeuka kuwa jina la ukoo. William alikuta kaka watatu mbele yake. Kwa desturi ya makabaila wa Uingereza na Normandy (jimbo la kaskazini mwa Ufaransa, wakati huo chini ya mfalme wa Uingereza), ardhi kuu ya ukoo ilikwenda kwa mwana mkubwa ili isikatwekatwe. Wadogo walipelekwa kanisani, au walipewa upanga na dua.

Mtoto wa nne alikuwa na thamani gani, wanafunzi watalipata hili katika kisa cha 1152. Mfalme Stephen aliizingira ngome ya baba yake pale Newbury. John akaomba muda wa kuwasiliana na mkubwa wake, akamtoa William, mwenye miaka mitano hivi, awe rehani. Kisha akautumia muda uleule kuingiza chakula na askari ngomeni. Alipotishiwa kwamba mtoto atanyongwa, alijibu kwamba nyundo na fuawe bado anazo, na atafua wana wengine walio bora kuliko huyo. Stephen hakuwa na moyo wa kumuua. Mtoto akabaki hemani kwa mfalme, wakichezeana kwa kupiganisha mabua ya majani.

Hapa niseme neno kuhusu chanzo. Karibu habari zote za ujana wake zinatoka katika utenzi mmoja wa Kifaransa cha kale, wenye mistari 19,214, uliotungwa miaka michache tu baada ya kifo chake kwa gharama za mwanawe mkubwa. Sisi tuliokulia na tenzi tunajua kazi ya namna hiyo ilivyo: inamsifu marehemu mbele ya walio hai. Ukija kwenye farasi, bei na majina ya watu, mtunzi ni makini kupita kiasi. Ukija kwenye uaminifu wa William kwa wafalme waliogombana, msome kwa tahadhari, kwa maana huko ananyamazia mengi.

Akiwa na miaka kumi na kitu alivushwa bahari kwenda Normandy, kulelewa katika nyumba ya William de Tancarville, jamaa yao na mkuu wa nyumba ya mfalme huko. Alikaa miaka 8 hivi. Huko alijifunza kupanda farasi, kutumia mkuki na upanga, kuhudumia meza ya wakubwa, na kuzungumza mbele yao pasipo kujidhalilisha wala kuwaudhi. Wenzake walimpa jina la utani lililomaanisha mharibifu wa chakula, kwa sababu alikula, akanywa, akalala. Mwaka 1166 hivi akavishwa upanga wa uaskari farasi. Waliovikwa hivyo walijiita kwa Kifaransa chevalier, na maana ya neno hilo ni mpanda farasi basi. Sifa zote nyingine ziliongezwa juu ya farasi.

Mapigano yake ya kwanza yalikuwa katika mitaa ya mji mdogo wa Drincourt, siku hizi Neufchâtel-en-Bray. Alipigana kwa nguvu zake zote, na farasi wake akauawa. Usiku, watu wakiwa mezani wakishangilia, William de Mandeville, Earl (cheo cha juu cha kikabaila) wa Essex, akamwomba zawadi ndogo: mkanda wa nyuma wa tandiko, au hata kola kuukuu la farasi. Kijana akajibu kwa moyo mweupe kwamba hana, wala hajawahi kuwa navyo. Mandeville akamwuliza inakuwaje hana, na leo amepata arobaini au sitini? Meza nzima ikacheka. Maana yake ilikuwa kwamba kila adui aliyeangushwa alikuwa na farasi, tandiko, hatamu na deraya (vazi la chuma la vita), na vyote hivyo vilikuwa halali ya aliyemwangusha. William alikuwa amepigania ushindi, akasahau mali.

Baada ya hapo ikaja amani, na amani ilikuwa balaa kwa mtu wa namna yake. Tancarville hakuwa tena na haja ya kulisha vijana wengi. William alibaki na farasi mmoja wa kusafiria, akauza joho alilovishwa siku ya kupewa uaskari farasi, kwa shilingi 22 za Anjou, akanunua farasi wa kubeba vitu vyake. Tazama hesabu ilivyo. Askari farasi mwenye heshima alihitaji walau wanyama watatu. Wa kwanza ni dume la vita, ambaye hakupandwa njiani bali aliongozwa kwa mkono wa kulia ili afike na nguvu zake. Wa pili ni farasi mpole wa safari, na wa tatu wa mizigo. Juu yao kuna kijana wa kubeba silaha na wa kuwatunza wote hao. Asiye na dume la vita hana kazi, na asiye na kazi hawezi kununua dume la vita. Vijana wengi wasio na urithi walinasa hapo wasitoke.

Kilichomtoa William ni mashindano ya silaha, na hapa lazima tufute picha ya sinema. Hakukuwa na uwanja mdogo wenye uzio, watu wawili wakikimbiliana. Katika miaka ya 1170 mashindano yalikuwa vita vya kukubaliana, vilivyopiganwa mashambani kati ya vijiji viwili, eneo la kilomita kadhaa, pande mbili zenye makumi au mamia ya wapanda farasi. Wakulima walikanyagiwa mazao na mizabibu. Pembeni palitengwa sehemu zilizozungushiwa uzio ambamo mtu angeweza kupumzika asikamatwe. Silaha zilikuwa za kweli. Kanisa lilikuwa limeyalaani tangu 1130, na Uingereza yalipigwa marufuku hadi Mfalme Richard alipoyaruhusu kwa leseni mwaka 1194. Kwa hiyo vijana walikwenda kaskazini mwa Ufaransa, ambako katika msimu mashindano yalifuatana kila wiki mbili hivi.

Lengo lilikuwa kukamata, kwa sababu maiti hailipi fidia. Kwanza vikosi hukimbiliana kwa mkuki uliobanwa kwapani, kila mtu goti kwa goti na mwenzake. Safu iliyofumuka ndiyo iliyoshindwa, hata kama watu wake ni hodari mmoja mmoja. Mkuki ukishavunjika, na mara nyingi huvunjika kwa pigo la kwanza, watu hushika upanga au rungu. Hapo ndipo William alipokuwa bingwa: hakupoteza muda kupiga deraya, alinyoosha mkono akashika hatamu ya farasi wa mpinzani na kumvuta nje ya msongamano, akielekea upande wake. Aliyekamatwa hutoa neno lake la heshima kwamba amejisalimisha. Farasi na silaha zinakuwa za mshindi, na juu yake fidia ya fedha, kisha anaachiliwa akaitafute. Aliyevunja neno lake hangepata tena wa kumwamini, na katika kundi dogo la watu wanaokutana kila wiki mbili hilo lilitosha kuwa polisi.

Mbinu hiyo nayo ilikuwa na kasoro yake. Pale Anet, William alimkamata Simon de Neauphle, akashika hatamu, akaanza kumvuta kupitia njia za mji bila kugeuka nyuma. Palikuwa na mfereji wa paa ulioning'inia chini. Simon akaudaka, akabaki juu akining'inia, farasi akaendelea. William alipofika akamwambia kijana wake amshike mateka huyu. Kijana akauliza, mateka yupi? Farasi na tandiko alipata, lakini fidia ya mtu iliponyoka.

Mafanikio ya kudumu yalitegemea mpango. William alishirikiana na mwenzake mmoja, Roger de Jouy, wakigawana walichopata. Karani wa jikoni aitwaye Wigain aliandika hesabu: tangu Pentekoste hadi Kwaresima walikamata askari farasi 103, mbali na farasi na vifaa ambavyo havikuhesabiwa. Kuna mambo madogo ya ufundi pia. Wakati mmoja alipewa farasi mkali ambaye hakuna aliyemtaka kwa kuwa hakuvumilia kuvutwa lijamu. Alirefusha hatamu kwa upana wa vidole vitatu, mnyama akapata nafuu mdomoni, akawa farasi bora wa siku ile. Na kutoka kwa Philip, mtawala wa Flanders, alijifunza hila ya kukaa kando na kikosi chako kana kwamba hushindani, ukangoja wengine wachoke na safu zao zifumuke, kisha ukaingia kwa ubavuni. Timu iliyodai kwamba hiyo si heshima ilipoteza farasi wengi kabla ya kujifunza kuifanya.

Lakini farasi na fidia peke yake havikumfanya mtu kuwa kabaila. Alihitaji mkubwa wa kumshika mkono. Mwaka 1168 alikuwa Poitou na mjomba wake Patrick, Earl wa Salisbury, wakimsindikiza Malkia Eleanor, mke wa Mfalme Henry wa Pili, walipovamiwa na watu wa ukoo wa Lusignan. Patrick aliuawa kwa kuchomwa mgongoni kabla hajavaa deraya. William aliegemea ua wa miti akapigana peke yake, hadi mmoja akampitishia mkuki pajani kutoka upande wa pili wa ua. Walimchukua, wakamzungusha juu ya mnyama, kidonda hakijaoshwa, akijifunga kwa vitambaa vya miguu yake mwenyewe. Katika nyumba mojawapo waliyolala, mwanamke mmoja aliona hali yake akamletea mkate mzima. Ndani alikuwa ameutoa wote ule ulaini, akajaza vipande vya kitani safi vya kufungia kidonda. Nadhani kitani hicho kilimwokoa William kuliko ushujaa wowote. Kisha Eleanor akamlipia fidia, akampa farasi, silaha, nguo na fedha. Mwaka 1170 akawekwa kuwa mkufunzi wa silaha wa mwanawe, Henry, aliyekwisha kutawazwa mfalme baba yake akiwa hai. Watu walimwita Mfalme Kijana, na mashindano yalikuwa ndiyo maisha yake.

Mwalimu, sasa la uzito. Picha ya mtu aliyefunikwa mabamba ya chuma kuanzia kisogo hadi vidole ni ya miaka ya 1400. William alivaa deraya ya pete: maelfu kwa maelfu ya pete ndogo za chuma, kila moja imepitishwa ndani ya nne na kufungwa kwa ribiti, na kufanya kanzu ifikayo magotini, yenye mikono na kofia. Uzito wake ni kilo 12 hadi 15 hivi. Chini yake alivaa koti nene lililojazwa na kushonwa mistari, na bila hilo deraya haifai: pete huzuia makali yasikate, ila pigo lenyewe hupita na kuvunja mfupa. Ongeza soksi za pete, chapeo, ngao ya mbao iliyovikwa ngozi, na upanga wa kilo moja na ushei. Jumla inafika kilo 25 hivi. Askari wa miguu wa leo hubeba zaidi ya hapo. Mtu aliyezoea tangu ujanani aliruka juu ya farasi bila msaada, na kamba za kupandishia ni uzushi wa baadaye.

Matatizo ya kweli yalikuwa mengine. Deraya ya pete huning'inia yote mabegani, kwa hiyo mkanda hukazwa kiunoni ili nyonga zichukue sehemu ya mzigo. Usipoukaza mikono inachoka mapema. Hupata kutu upesi, na vijana waliisafisha kwa kuiviringisha ndani ya pipa lenye mchanga. Joto na kiu vilimaliza watu. Chapeo lilikuwa shida kuliko vyote: likishaongezewa bamba la uso unasikia kidogo, unaona kupitia ufa, na likigongwa mara nyingi halitoki. Baada ya mashindano ya Pleurs zawadi ya siku ilikuwa samaki mmoja mkubwa wa mtoni, na waamuzi wakakubaliana apewe William. Walimtafuta wasimwone. Wakamkuta kwa mhunzi, amepiga magoti, kichwa juu ya fuawe, mhunzi akifungua chapeo kwa nyundo na koleo polepole, kwa maana lilikuwa limebonyea hadi shingoni.

Tuingie kwenye ardhi. Mfalme Kijana alikufa kwa kuhara damu mjini Martel tarehe 11 Juni 1183, akiwa katika uasi dhidi ya baba yake. William alibeba nadhiri ya bwana wake hadi Yerusalemu, akarudi baada ya miaka miwili au mitatu, na Mfalme Henry wa Pili akamchukua. Mwaka 1189, wakikimbia kutoka Le Mans, William alilinda nyuma akamkuta Richard, mwana mwingine wa Henry aliyeasi, akifukuza bila deraya. Richard alipoona mkuki umemwelekea akapiga kelele asiuawe, hana silaha. William akajibu kwamba shetani ndiye amuue, si yeye, akamchoma farasi. Wiki chache baadaye, tarehe 6 Julai, Henry akafa Chinon, na Richard akawa mfalme. Alimwita William akamwambia, juzi ulitaka kuniua. William akajibu kwamba mkono wake bado una nguvu za kuelekeza mkuki atakako, na kama angetaka, angeuelekeza mwilini. Richard akamsamehe, kwa sababu mtu aliyesimama na mfalme anayekufa ndiye unayemtaka asimame na wewe.

Na malipo hayakuwa fedha. Msichana yatima mwenye urithi mkubwa aliwekwa chini ya ulezi wa mfalme, na mfalme ndiye aliyeamua ataolewa na nani. Richard alimpa William mkono wa Isabel de Clare, mwenye miaka 17 hivi, binti wa Richard wa Striguil na Aoife, binti wa mfalme wa Leinster, Ireland. William alikuwa na miaka 42 hivi. Kwa ndoa hiyo, Agosti 1189, alipata ngome ya Chepstow na maeneo yaliyodaiwa huduma ya askari farasi 65 na nusu. Nusu hiyo isiwashangaze wanafunzi: eneo la kulisha askari farasi mmoja liliweza kugawanywa, na wenye nusu walichangia gharama. Alipata pia dai la Leinster nzima. Alilipa marki 2,000 kwa nusu ya ardhi nyingine Normandy na Uingereza. Marki ilikuwa denari 160, theluthi mbili ya pauni, na haikuwa sarafu bali hesabu tu. Shilingi nayo ilikuwa hesabu ya denari 12, na 20 kati yake zilifanya pauni. Shilingi ya Afrika Mashariki ambayo Waingereza waliileta kwetu mwaka 1921 nayo ilikuwa 20 kwa pauni, ila iligawanywa kwa senti 100 badala ya denari 12. Mwaka 1199 Mfalme John, ndugu na mrithi wa Richard, akamfanya Earl wa Pembroke. Mnara wa duara alioujenga pale Pembroke bado umesimama. Isabel, kwa upande wake, hakuwa pambo. Leinster ilikuwa yake kwa damu, na mwaka 1208 William alipozuiliwa Uingereza ni yeye, mjamzito, aliyebaki Kilkenny ardhi yao ikishambuliwa.

Miaka ya John nitaipita haraka, ingawa ndiyo inayomchafua. Baada ya Normandy kutekwa na Ufaransa mwaka 1204, William alikula kiapo kwa mfalme wa Ufaransa ili asipoteze mashamba yake ya huko. John alimwona msaliti, na kwa maoni yangu hakukosea kabisa. Walipatana miaka ya mbele. Mwaka 1215, Hati Kuu (Magna Carta, hati ya kuwekea mipaka mamlaka ya mfalme) ilipotolewa, jina la William liko la kwanza kati ya makabaila waliomshauri mfalme.

John akafa Newark Oktoba 1216. Mrithi wake, Henry wa Tatu, alikuwa na miaka 9. Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, alikuwa ameshika London na kusini mashariki kwa mwaliko wa makabaila walioasi. Hazina ilikuwa tupu. William, mwenye miaka 70 hivi, akapewa ulezi wa mfalme na wa ufalme.

Aliongozaje? Kwanza, vita vya zama zile havikuwa mapambano ya uwanjani kila mwezi. Mapambano ya uwanjani yalikuwa kamari: saa moja ingeweza kupoteza ufalme. Kazi ya kawaida ilikuwa kuchoma mashamba ya adui, kuzingira ngome na kumnyima chakula. Mwaka 1188 William ndiye aliyemshauri Henry wa Pili ajifanye anavunja jeshi, kisha alikusanye kwa siri na kuvuka mpaka kuchoma nchi ya mfalme wa Ufaransa. Hakuna aliyeona aibu, isipokuwa wakulima, ambao utenzi hauwaulizi. Pili, silaha ya kwanza ya William mwaka 1216 ilikuwa kalamu. Mwezi Novemba alitoa upya Hati Kuu kwa muhuri wake, baada ya kuondoa kifungu cha makabaila 25 wa kumlazimisha mfalme. Waasi wakabaki wakipigana dhidi ya serikali iliyowapa walichodai, chini ya mtoto asiyewakosea.

Tatu, alijua lini kamari inafaa. Mei 1217 aligundua kwamba Louis amegawa jeshi: sehemu ilikuwa Dover, na nyingine ilikuwa Lincoln ikizingira ngome iliyoshikwa na mama mmoja mzee shujaa, Nicola de la Haye. William akakusanya watu Newark: askari farasi 406 na wapiga pinde za mtambo 317. Wapinzani wake Lincoln walikuwa na askari farasi 611 na watu wa miguu 1,000 hivi. Mjumbe wa Papa akawatenga wapinzani na Kanisa na kuwavisha watu wa mfalme misalaba myeupe. Mji wa Lincoln uko kwenye mteremko mkali, ngome juu. Njia fupi kutoka Newark ingewafikisha chini ya mlima, wapande wakipigwa. Walizunguka kupitia Torksey wakatokea kaskazini magharibi, usawa wa juu. Wapinzani walituma watu kuhesabu bendera. Kila kabaila alikuwa na bendera mbili, moja kikosini na moja kwenye mizigo, nao wakahesabu zote, wakadhani jeshi ni kubwa maradufu, wakajifungia mjini badala ya kutoka. Kosa hilo liliwamaliza, kwa sababu farasi ndani ya vichochoro hana pa kukimbilia.

Askofu wa Winchester, Peter des Roches, aliingia ngomeni akachunguza, akapata lango la zamani lililozibwa kwa mawe, likafunguliwa. Wapiga pinde wakapanda kuta za ngome na kulenga farasi. William alikuwa na hamu hata akapiga hatua bila chapeo, kijana wake akamkumbusha. Akalivaa, akashuka mtaani akiwa mbele. Mbele ya kanisa kuu walikutana na kiongozi wa Wafaransa, kijana Thomas, mtawala wa Perche, aliyekataa kujisalimisha. Mtu mmoja akamchoma kupitia ufa wa macho wa chapeo. Perche akainua upanga kwa mikono miwili, akapiga chapeo la William mara tatu, likabonyea, kisha akaanguka amekufa. Walio upande wake wakakimbilia lango la kusini. Ng'ombe alikuwa amekwama langoni, hawakuweza kupita, wakakamatwa kundi zima. Katika siku ileile mji uliporwa, makanisa pamoja, na wanawake waliokimbia na watoto kwa mitumbwi iliyojaa kupita kiasi walizama mtoni. Waandishi wa upande ulioshinda waliiita siku hiyo gulio la Lincoln.

Kilichofuata: tarehe 24 Agosti meli za msaada kutoka Ufaransa zilishindwa karibu na Sandwich, baada ya Waingereza kukaa upande wa upepo na kuwarushia unga wa chokaa machoni. Septemba Louis akakubali kuondoka kwa marki 10,000. Wengi walisema William alimlegezea. Nafikiri alihesabu sawasawa: hakuwa na fedha za mzingiro mwingine, na London ilikuwa bado mikononi mwa Louis.

Alikufa Caversham tarehe 14 Mei 1219. Katika siku zake za mwisho mtu mmoja alimkumbusha kwamba, kwa mafundisho ya makasisi, asiyerudisha alichochukua hawezi kuokoka. Akajibu kwamba makasisi wanatunyoa karibu mno. Alikamata askari farasi 500 na kuchukua farasi na silaha zao zote, na kama ufalme wa Mungu unafungwa kwa hilo, basi imekwisha, kwa maana hawezi kuvirudisha. Karani mwingine akashauri joho za manyoya zilizokuwa ghalani ziuzwe kwa ajili ya roho yake. William akamfokea: Pentekoste imekaribia, na askari wake wana haki ya nguo mpya. Zikagawiwa. Alizikwa London, katika kanisa la watawa wapiganaji wa Hekalu, akiwa amefunikwa vitambaa vya hariri alivyonunua Yerusalemu zaidi ya miaka 30 nyuma na kuvificha kwa siku hiyo. Sanamu ya kaburi lake ingali pale, ingawa moto wa mabomu wa Mei 1941 uliiharibu.

Alikuwa na wana watano na mabinti watano. Wana wote watano walirithishana cheo na kufa bila mtoto halali, Gilbert mmojawapo kwa kuangushwa na farasi mashindanoni mwaka 1241, wa mwisho, Anselm, Desemba 1245. Leinster, Chepstow na vilivyobaki vikagawanywa kwa mabinti na watoto wao. Cheo cha marshal alikipata Maud, binti mkubwa, na baada yake kikaenda kwa mwanawe wa ukoo wa Bigod.